Baiskeli Haimo Kwenye Kadi

Deo, mjukuu wangu, mume wangu,

Miaka minne. Wafugaji wanaopitisha ng'ombe nyuma ya nyumba hii wamehamia Sitalike, wamerudi, wamehama tena, na wewe hujatokea. Nimemzika jirani niliyekuwa nasuka naye mikeka, hupo. Nimevunjika mkono, mkono ukaunga vibaya, hupo. Ulikuwa unatuma salamu kwa simu za watu. Mimi salamu siwezi kuituma kisimani. Halafu umekuja Jumapili na begi moja na simu mbili, umekaa siku sita, na katika hizo sita, siku nne umeshinda umeinamia hizo simu. Kesho asubuhi basi linakubeba tena.

Sasa umekwenda stendi kukata tiketi, nimepata nafasi. Anayeandika ni Mwalimu Flora, yule mstaafu wa nyumba ya tatu, aliyekufundisha darasa la nne. Mimi nasema, yeye anaandika. Tumeshagombana. Anataka kuninyooshea maneno, nami nimemwambia, "Mwalimu, andika ninavyosema, hata likiwa baya." Akasema, "Bibi, sentensi lazima iwe na mwisho." Nikamwambia mwisho utakuja, asubiri tu.

Sitakuambia ule nini huko Dodoma wala ulale saa ngapi. Ulijua kusonga ugali usio na mabonge ukiwa na miaka minane. Nina jambo moja, na jambo lenyewe ni ile kadi yako.

Jumatatu ulikaa hapa kwenye kigoda nikichambua maharage, ukanisogezea simu usoni. Ukasema, "Bibi, hii ndiyo kadi yangu ya kazi."

"Iko wapi?"

"Ndani ya simu. Ni ya kidijitali, haina karatasi. Nikimwandikia mtu barua pepe, inajiweka yenyewe pale chini, kwenye sahihi."

"Inajiweka yenyewe?"

"Nimeipanga mara moja tu. Sasa kila barua ninayotuma inaondoka nayo. Mtu akibonyeza hapa anaona sura yangu, jina, ofisi, namba ya simu. Akitaka kuniita anagusa tu, ananipata."

"Na mimi nikigusa nitakupata? Miaka minne nagusa kwenye kitochi changu, anayenijibu ni yule mwanamke anayesema hupatikani."

Ulicheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Ukanionyesha na kile kiboksi chenye madoadoa meusi, kama kitambaa kilicholiwa na mende, ukasema mtu akikielekezea simu yake kadi inafunguka. Nikasema vizuri. Ulivyofurahi, nilifurahi pia, usifikiri nina roho mbaya. Sura yako imekaa vizuri na hiyo tai. Halafu ukasema, "Lakini penyewe ni hapa, Bibi. Pameandikwa Kuhusu mimi." Ukanisomea polepole, kama padri anavyosomea wazee.

Nimeyashika yote, maana mimi sina daftari, kichwa changu ndicho daftari. Ulisoma hivi: "Naitwa Deogratias. Nasaidia wakulima kupata hati za mashamba yao. Nimezaliwa Kabungu. Babu yangu alipofariki, mdogo wake aliuza shamba letu kwa ujanja, akitumia kidole cha bibi yangu asiyejua kusoma. Mama yangu alikufa akilima shamba la kukodi. Ndiyo maana nafanya kazi hii."

Ukaniangalia. Ukauliza, "Ni sahihi, Bibi?"

Nikasema, "Sahihi."

Deo, si sahihi. Mama yako kweli alikufa akilima shamba la kukodi. Lakini babu yako mdogo, Lukas, hakuuza shamba. Shamba nililitoa mimi.

Mwalimu Flora ameacha kuandika. Ananiangalia juu ya miwani. Nimemwambia aandike, asinihurumie, maana yeye pia ameishi na hadithi ile ya kwanza miaka yote, na ameiamini, na amewahi kukataa kumsalimia Lukas sokoni kwa sababu yangu.

Sikiliza nikueleze lilivyokuwa. Babu yako alipokufa, wewe ulikuwa unaanza kutambaa. Shamba la Kabungu lilikuwa lile la kuteremkia bondeni, juu mahindi na karanga, chini mpunga. Tulikuwa mimi, mama yako Veronika, na Lukas jirani upande wa mto. Baba yako alishakwenda Chunya kutafuta dhahabu, na mpaka leo sijui kama aliipata. Arobaini ilipoisha, Lukas alikuja kuniuliza kama nitakubali anirithi. Aliuliza kwa heshima, amevua kofia, na mke wake alikuwa anajua. Nilimjibu maneno ambayo Mwalimu amekataa kabisa kuyaandika. Kuanzia siku ile kila alichosema niliona anataka shamba.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka mjini, na karani wake. Alikuwa anatafuta mahali pa kupanda mitiki. Alikaa uani kwangu, akanywa togwa, akasifia kila kitu, hata mbuzi mwenye jicho moja alimsifia. Akasema mpango wake ni wa miti tu, miti ikikua tutanufaika wote, na kwa kuanzia ataniletea mabati niezeke nyumba, mjane asilowe. Akatoa karatasi. Karani akafungua kidau cha wino, akasema, "Mama, weka sahihi hapa."

Mimi neno sahihi nilikuwa nalijua kwa maana moja tu. Sahihi ni kweli. Mtu akisema umesema sahihi, umesema kweli. Sikujua kwamba nyie mliosoma mmelipa neno hilo kazi ya pili, na kwamba hiyo kazi ya pili haijali kweli hata kidogo. Nilidhani nikiweka kidole pale, maneno ya yule bwana ndiyo yanakuwa kweli. Miti itakua, tutanufaika, shamba litabaki langu, maana ndivyo alivyosema kwa mdomo.

Hapo ungeweza kunihurumia, na watu wote wamenihurumia hapo hapo. Lakini hadithi haiishii hapo.

Mama yako alikuwepo. Alikuwa amemaliza la saba, alikuwa anasoma hata gazeti lililofungiwa sukari. Alisogea akasema, "Mama, naomba niisome kwanza." Taratibu kabisa, amepiga magoti. Na Lukas alikuwa amesimama pale kwenye uzio, akasema, "Shemeji, mpe mtoto asome. Usiweke kidole kwenye kitu hujasomewa."

Deo, nilijua wanasema kweli. Nataka ulishike hilo kuliko yote. Nilijua. Lakini yule bwana alikuwa ameniita mama mwenye shamba. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Maisha yangu yote nimekaa pembeni karatasi zikisomwa na wengine, nikisubiri mtu anigeukie anieleze, na mara nyingi wanasahau kukugeukia. Siku ile nikaona aibu mwanangu anisomee mbele ya wageni, kama mimi ndiye mtoto. Na nikaona Lukas amepata pa kunishika. Nikamwambia Veronika, "Kwani wewe ndiye uliyeolewa na marehemu?" Nikamwambia Lukas, "Na wewe umekosa mke, sasa unataka na karatasi?" Yule bwana akacheka. Nami nikacheka naye. Nikaweka dole gumba, nikalikandamiza kwa nguvu ili Lukas aone.

Wino ulikaa kidoleni muda mrefu. Niliufuta kwenye khanga, ukabaki kwenye mistari ya ngozi, nikisonga ugali nauona.

Mabati yalikuja. Ndiyo haya, tulipotolewa Kabungu tuliyaezua tukahama nayo hapa. Mvua zote ulizozisikia ukiwa mdogo, ukiniambia, "Bibi, inapiga ngoma," ilikuwa inapiga ngoma juu ya shamba la babu yako. Baada ya mavuno wakaja watu na fensi. Karatasi ilikuwa imesema nimetoa lote, juu na bondeni, moja kwa moja. Mama yako ndiye aliyeisoma nakala, amesimama hapo hapo kwenye fensi, kwa sauti, mpaka mwisho. Hakunilaumu. Alikunja karatasi, akanipa. Ningependa angenitukana.

Watu walipoanza kuuliza, nikasema Lukas. Ilitoka yenyewe. Nilisema Lukas ndiye aliyemleta yule bwana, Lukas ndiye aliyeniambia weka kidole hapa. Unajua kwa nini waliniamini? Kwa sababu sisomi. Watu wanafikiri asiyesoma anaweza kudanganywa tu, hawezi kudanganya. Lukas alijitetea mara moja, kwenye kikao cha ukoo, akaambiwa asimsingizie mjane asiyejua hata a. Hakujitetea tena. Wakamtoa kwenye wazee wa kigango kanisani. Binti yake alikuwa amechumbiwa, wale watu wakarudi kwao. Mimi nilikuwa naletewa unga na kuambiwa pole. Nikapokea. Kutosoma kulikonifedhehesha siku ile, nikakugeuza mwavuli, nikakaa chini yake miaka zaidi ya ishirini.

Mama yako hakuweza kukaa chini ya mabati haya. Alisema, "Mama, mimi nitalima." Akakubeba mgongoni akaenda Mishamo, kule kwenye mashamba ya Warundi, akakodi kipande, akapanda maharage na muhogo. Aliugua mvua za pili. Sikupata habari mpaka alipokwisha kuzikwa. Hapa ndipo kwenye lile swali lako.

Ulikuwa unaniuliza ukiwa darasa la pili, la tatu. "Bibi, yule mtu wa baiskeli alikuwa nani?" Unakumbuka keria, unakumbuka nguo iliyokunjwa uikalie, unakumbuka mtu mbele yako anakohoa anapopanda kilima, na kwamba alikukata muwa na kisu. Nilikuwa nakujibu, mtu wa kanisani.

Alikuwa Lukas. Yeye ndiye aliyesikia kwamba Veronika anaumwa. Alikwenda, akakuta amebaki siku chache, akamuuguza, akamzika, akakupakia wewe. Siku mbili barabarani, na enzi hizo ilikuwa vumbi na mashimo tupu. Nilikuwa nafagia uani. Alisimamisha baiskeli pale pale unapoweka ndoo, akakuteremsha mlangoni, akakuwekea mkono kichwani. Akasema, "Shemeji, mtoto huyu hapa. Hajala tangu asubuhi."   Sikumkaribisha ndani, hata maji sikumpa. Akageuza baiskeli. Alikuwa anavuta mguu mmoja.

Hata siku ile sikusema. Ningeweza kusema siku ile, watu wangesahau. Kila mwaka uliopita uongo ulizidi kuwa mzito, na wewe ulizidi kukua juu yake. Uliposema unakwenda kusomea mambo ya ardhi kwa sababu ya yaliyotupata, nikakufungia karanga za njiani.

Sasa wewe umeuchukua huo uongo umeupeleka mahali ambapo mimi siwezi kuufuata. Mimi nilikuwa nadanganya kwa mdomo. Mdomo unachoka, na mtu mmoja anasikia, mwingine hasikii. Wewe umeuweka chini ya sahihi, unajiweka wenyewe. Umeandika kuhusu mbolea, upo. Umemwandikia mtu pole ya msiba, upo. Umelala, barua iko safarini nao. Mimi niliweka kidole mara moja kwenye karatasi moja, na unaona kilichotupata. Wewe unaweka mara ngapi kwa siku?

Usidhani napiga porojo za mtu wa zamani. Umekwisha kufika Kabungu huo uongo, na hujui.

Jumatano ulituma makaratasi yako kwa barua pepe kwenye steshenari ya pale sokoni ili yachapishwe. Binti anayechapisha, yule mwembamba mwenye nywele fupi, uliyesema ana mkono mwepesi, anaitwa Editha. Ni mjukuu wa Lukas. Humjui kwa sababu nimehakikisha humjui. Aliona kadi, akabonyeza aone sura yako, akasoma. Alhamisi ulipokwenda kwa fundi, alikuja hapa. Nikampa kigoda, nikampa maji, akayanywa.

Akasema, "Bibi, yule Deo ni wa kwako?"

"Ni wangu."

"Ameandika kuhusu babu."

"Najua."

"Nimemsomea babu jana. Alitaka nisome mara mbili."

Nikauliza alisema nini. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa nayo. Editha akazungusha kikombe mkononi. "Aliuliza tu kama imeandikwa habari ya baiskeli. Nikamwambia, babu, baiskeli haimo. Akasema haya. Akaenda kufunga mbuzi."

Tangu Alhamisi naamka na neno hilo. Mtu amevuliwa heshima, binti yake amekosa mume, amezeeka anakwepwa njiani, na anasomewa habari yake inatembea kwenye masimu ya watu wasiomjua. Kitu pekee anachouliza ni kama yule mtoto anaikumbuka baiskeli.

Nilitaka kukuambia usoni. Jana ulipokuwa unakula nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikakuuliza kama chumvi imetosha, mara ya pili nikakuambia funga mlango. Kinywa changu kikikuona wewe kinajua hadithi moja tu. Ndiyo maana nimemwita Mwalimu. Na ndiyo maana barua hii naiweka chini ya shati la bluu, uikute ukiwa njiani, umeshapita Inyonga. Ukiisoma hapa utatazama juu kwenye mabati, na mimi sitaweza kukuangalia ukiyatazama.

Ninachotaka ni hiki. Umesema Jumatatu mnafungua ofisi, na barua zitaanza kwenda kwa watu wengi. Kabla ya Jumatatu hiyo futa yale maneno. Jina acha, sura acha, namba ya simu acha, na tafadhali iwe namba inayopokelewa. Kama huwezi kukaa bila hadithi pale chini, andika kwamba bibi yako alikataa kusomewa karatasi kwa kiburi, na alikuwa na mtoto anayejua kusoma amepiga magoti mbele yake. Andika kwamba alimsingizia shemeji yake. Pengine wakulima wako watakuelewa vizuri zaidi kwa hilo. Huko vijijini wezi wapo, sikatai, lakini utakutana na watu wengi kama mimi, wanaoona aibu kusema hawajaelewa. Watakucheka, watakufokea, wataweka kidole haraka ili waonekane wanajua. Hao usiwape kalamu. Wasomee. Wakikasirika, wasomee tena.

Na wale uliokwisha kuwatumia, waandikie. Sijui wako wangapi. Waandikie mmoja mmoja, usiache hiyo kadi ijiandikie.

Ukinichukia, una haki. Sitakupigia kukuuliza. Nilikulea kwa mikono hii na nilikudanganya kwa mdomo huu, vyote viwili ni vya kweli na sijui utavigawaje. Ujue tu kwamba uliposhushwa kwenye ile keria, una vumbi mpaka kwenye kope, ulinishika khanga ukasema una njaa, na tangu siku ile sijampenda mtu mwingine kama wewe. Mama yako sikumpenda hivyo. Hilo nalo ni kosa langu.

Mwalimu amenisomea barua yote mara mbili. Mahali pawili nimemrudisha, alikuwa ameandika kwamba nilidanganywa, nikamwambia futa, andika nilijua. Amefuta. Yeye sasa analia, kazi yake. Hapo chini nimeweka dole gumba langu, kwa wino wa kalamu yake aliyoipasua. Mara hii najua kilichoandikwa juu yake.

Ukija tena, na usinipe miaka minne maana sina, uje mahindi mabichi yakianza. Ukiteremka stendi usichukue bodaboda. Pita kwa Editha, mwombe msamaha, kisha umwombe akuazime baiskeli ya kwao, iwe na keria imara. Funga juu yake nguo iliyokunjwa. Unipakie asubuhi kabla ya jua, twende Kabungu, na nikilalamika njiani usinisikilize, endelea kukanyaga. Kwenye kilima ukitaka kukohoa, kohoa. Tukifika kwa babu yako Lukas usiniteremshe mlangoni ukageuza. Nishike mkono huu uliopinda, tuingie wote wawili, na wewe ndiye uanze kusema. Anza na baiskeli.

Bibi yako